Udongo Mweusi kwenye Maua ya Mama Anastasie

Harufu ya maji yanapomwagwa kwenye udongo mkavu, ndani ya kopo la bati lililoshinda juani, wengine huipenda. Husema inawakumbusha mvua ya kwanza. Mimi siwezi kuivumilia. Huanza kama vumbi la moto, kisha huwa harufu ya chuma, kisha, kwa muda mfupi sana, harufu ya kitu kibichi. Nikipita asubuhi mbele ya nyumba ya mtu anayemwagilia maua yake hapa Likasi, huharakisha hatua bila kukusudia na kukunja vidole vyangu ndani ya viganja. Nimeitafuta sababu kwa miaka mingi, na nadhani sasa ninaweza kuwaeleza kwa mpangilio. Nitajitahidi nisiongeze kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi Panda, mtaa wa mji huu wa migodi, katika zile nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi zamani, zilizoshikana mbili mbili kama ndugu waliokosana wanaolazimika kulala kitanda kimoja. Nyumba iliyoshikana na yetu ilikuwa ya Mama Anastasie, mjane, muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi. Nusu ya watoto wa barabara yetu, nami nikiwemo, tulipokuja duniani mikono yake ndiyo iliyotupokea. Lakini macho yake yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, utando mweupe kama maji ya mchele, na kwa miaka sita alikuwa akitofautisha mwanga na kivuli tu.

Barazani kwake, chini ya ukuta, kulikuwa na vyungu vya maua kumi na kimoja. Nasema vyungu kwa heshima. Viwili tu ndivyo vilivyokuwa vya udongo wa kufinyangwa. Vingine vilikuwa makopo ya maziwa ya unga, madebe ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa katikati, beseni lililopasuka, na kofia ngumu ya kazini ya marehemu mume wake, iliyopinduliwa na kujazwa begonia.

“Zamani mu hii kichwa hamukuotaka kintu,” alikuwa akisema akiipapasa. “Sasa angalia.”

Alivijua vyote kwa vidole na kwa pua. Kimoja tu ndicho kilichomsumbua, chungu cha waridi. Kijiti cha waridi lile aliletewa na mama mmoja wa kwaya baada ya macho kuziba. Alikipanda, akakilea, kikachanua mara tatu, na hakuwahi kuiona rangi yake. Majirani walibishana. Mama yangu alisema ni jekundu. Kaka yangu Fidèle, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na jibu la kila swali, alisema ni rangi ya pera kwa ndani. Yule mama wa kwaya alisema ni rangi ya divai ya misa. Mimi nilisema inategemea saa, nikachekwa. Mama Anastasie alisikiliza akitikisa kichwa.

“Mubishane tu. Siku moja nitaamua minye,” yaani yeye mwenyewe.

Siku hiyo ilionekana kufika mwishoni mwa mwezi wa tisa. Masista wa parokia walimpatia nafasi ya kupasuliwa jicho la kulia huko Lubumbashi. Angekaa wiki nne, pamoja na vipimo na mapumziko kwa dada yake. Jioni moja aliniita barazani, akaketi kwenye kigoda, akanishika mkono na kunipitisha chungu baada ya chungu.

“Fidèle iko na nguvu, lakini anasahauka. Weye unahesabuka ata mawe ya njia. Njo weye nachagua. Unasikia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Asubuhi mbele ya jua, kopo moja. Magaribi, kopo moja. Lakini mbele ya kutia mayi, ingiza kidole mpaka ku kiungo ya pili. Kama kidole inatoka na bulongo, ngoja. Kama inatoka kavu, tia. Saa ya jua kali, hapana kutia hata tone. Utapika mizizi.”

Tulipofika kwenye waridi alinishika kidole akakipeleka juu ya tawi. Palikuwa na kifundo kigumu, kidogo kama punje ya hindi.

“Hii itafunguka wakati nitarudia. Usiiache ianguke. Nataka nione rangi yake na jicho yangu, hapana na midomo yenu.”

Sijui kama mtu amewahi kunikabidhi kitu kizito kuliko ile punje ya hindi.

Wenye kuujua mwezi wa kumi wa kwetu hawahitaji maelezo. Baridi ya kiangazi imekwisha, mvua bado, na katikati kuna majuma ambayo jua linakuwa jeupe na mabati ya nyumba yanalia saa sita mchana kama vijiti vinavyovunjwa. Moshi wa pori linaloungua huko nje ya mji unaning’inia tu. Niliandika namba kwenye vyungu kwa chaki, moja hadi kumi na moja. Waridi lilikuwa namba nne. Katika daftari la shule nilichora safu mbili, asubuhi na magharibi, nikaweka alama kila nilipomwagilia. Kwa juma la kwanza hakukuwa na mstari wenye nafasi tupu.

“Docteur wa makopo!” Fidèle aliniita akipita. “Bagonjwa yako banalala aje?”

“Banalala muzuri, Yaya,” nilijibu, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

“Na ule wa kofia?”

“Anakunywa.”

“Kama mwenye kofia, wakati alikuwa muzima!”

Nilimrushia chaki. Mama yangu, aliyesikia kutoka jikoni, alimwambia aache kusema vibaya juu ya marehemu, ila sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

Katika juma la pili mabomba yalianza kutoa hewa badala ya maji, kisha hata hewa ikakoma. Tukaanza kwenda kwenye chemchemi iliyo chini ya reli. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa na bidoni ya manjano ya lita ishirini, nikapanga mstari, nikarudi jua likiwa tayari mabegani. Kunywa, kupika na kuosha vyombo vilichukua sehemu yao kwanza. Maua yalipata ya mwisho, na mara nyingi yalikuwa maji ya kusuuzia sahani.

Ndipo nilipoona udongo unashuka. Kila kopo la maji liliondoa kidogo kupitia matundu ya chini, na mizizi ilianza kuonekana, myeupe, kama vidole vya mtu aliyelala miguu ikiwa nje ya blanketi. Ilinibidi niongeze udongo. Na hapo nilikumbuka maneno ambayo Mama Anastasie alikuwa akiyarudia kila alipopewa chungu kipya: “Bulongo nyekundu ni bukari bila mboga. Bulongo mweusi njo nyama ya maua.” Bukari ndiyo ugali wetu, nami nilijua vizuri bukari bila mboga ni nini.

Udongo wa Panda ni mwekundu kama tofali. Mweusi nilijua upo mahali pamoja tu.

Nyuma ya jiko letu, chini ya kipande cha bati, palikuwa na viroba vitatu vya baba. Baba alikuwa amefanya kazi karakana kwa miaka mingi, kisha kazi ikakauka kama yale mabomba, naye akawa mchimbaji pamoja na wenzake. Aliondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi au Jumamosi, na kilichochimbwa alikiita “matière”, kama wachimbaji wote. Alituambia kinatoka Kamatanda, ambako nusu ya wanaume wa barabara yetu walikuwa wakichimba. Viroba vilingoja hapo hadi mnunuzi alete gari. Amri ilikuwa moja: “Batoto basikaribie. Ile ni kazi.” Sikuwahi kuviona vikiwa wazi.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu watu wazima niliowasimulia huuliza ilikuwaje mtoto wa Likasi asitambue madini. Nilitambua madini. Madini kwetu yalikuwa mawe ya kijani. Tulicheza nayo barabarani, tuliyapanga kama sahani za wanasesere, tulijua yanang’aa yakilowa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba madini yanaweza kuwa unga. Nilipofungua kiroba cha kwanza nikaona kitu cheusi, laini, kama masimbi ya kahawa, nilichota kiganja kimoja. Kilikuwa kizito kupita kiasi. Nikafikiri: ni kizito kwa sababu kina nguvu. Nikafikiri pia kwamba baba amejiwekea udongo mzuri wa shamba, na kwamba Mama Anastasie anauhitaji kuliko sisi.

Nilijua ninaiba. Sitajifanya sikujua. Nilijiambia vikombe viwili kwa kila chungu, vyungu tisa, jumla vikombe kumi na vinane, na viroba vitatu haviwezi kuonyesha pengo hilo. Namba kumi na namba kumi na moja, mshubiri na ulimi wa nyoka, havikuhitaji. Vilikuwa bado vimejaa. Nilisubiri mama aende sokoni. Niliupanga ule weusi kuzunguka kila shina na kuukandamiza kwa vidole, kwa uangalifu, kama nilivyomwona Mama Anastasie akifanya. Nikafuta mikono kwenye gauni. Kunawa sikunawa, maana maji yalikuwa ya maua. Mchana tulikula bukari na majani ya mihogo, nikala vizuri.

Kwa siku nne vyungu vilipendeza. Watu wawili waliopita walivisifia. Siku ya tano jani moja la waridi lilikuwa na michirizi ya manjano. Mishipa yake ilibaki kijani, katikati pakawa pamefifia, kama kitambaa kilichoanikwa muda mrefu. Siku ya sita yalikuwa majani manne, na begonia za kwenye kofia zilikuwa zimeinamisha vichwa.

Nilipima kwa kidole kama nilivyofundishwa. Kidole kilitoka na udongo. Kwa hiyo haikuwa kiu. Nilikaa mbele ya vyungu nikifikiri kwa bidii yangu yote, nikapata jibu ambalo lilionekana sahihi kabisa: njaa. Mgonjwa aliyeanza kula akadhoofika, basi hakushiba. Nikarudi kwenye viroba, nikaongeza vikombe vingine kumi na vinane.

Jumatatu iliyofuata dereva wa masista alileta habari. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama Anastasie anaona. Anahesabu vidole vya daktari, anasoma maandishi makubwa, na Jumamosi atarudi nyumbani. “Anauliza tu juu ya fleur yake ile,” dereva alisema. “Anasema, mwambie Odette nakuya.”

Mama yangu alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda barazani kwa jirani. Chipukizi la waridi lilikuwa limekua. Sasa lilitosha punje tatu za hindi, na kwenye ncha yake palikuwa na ufa mwembamba ambamo rangi ingeweza kuonekana siku yoyote. Chini yake kijiti kizima kilikuwa na majani saba tu, yote ya manjano. Nilihesabu siku: tano. Usiku sikulala vizuri, na alfajiri nilikuwa mtu wa kwanza kwenye chemchemi.

Alhamisi baba alirudi mapema, kabla ya saa sita. Mnunuzi alikuwa aje jioni ile. Nilikuwa nimetoka chemchemini na bidoni yangu ilikuwa mlangoni, imejaa mpaka shingoni, nikingoja jua lipungue ili niyape maua. Nilisikia bati likiondolewa nyuma ya jiko. Kisha sauti ya baba, ya chini, ambayo kwetu ilikuwa mbaya kuliko ya juu.

“Fidèle. Kuya hapa.”

“Papa?”

“Uliuzisha kwa nani?”

“Kuuzisha nini?”

“Kiloba hii ilikuwa inajaa mpaka hapa. Leo iko hapa. Matière inatembeaka?”

“Papa, minye sikugusa.”

“Haukugusa. Na viatu ya juzi ulinunua na nini?”

“Nilibeba mizigo ku soko! Uliza bantu!”

Baba alikuwa ameanza kufungua mkanda. Fidèle hakukimbia, alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko, mikono imeinuliwa mbele ya uso. Nilitoka nikasimama kati yao.

“Ni minye, Papa.”

“Weye? Weye unauzisha kwa nani?”

“Sikuuzisha. Nilitia mu maua ya Mama Anastasie. Ilikosa bulongo mweusi.”

Fidèle aliangua kicheko, cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nilimtazama baba nikingoja mkanda. Lakini mkono wake ulikuwa umeachia mkanda, na uso wake ulikuwa umefanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, kama ukuta unapodondosha lipu.

“Ulishika na nini? Na kijiko?”

“Na mikono.”

“Mara ngapi?”

Nilizoea kujibu kwa usahihi. “Mara mbili, Papa. Vikombe kumi na nane, kisha kumi na nane tena.”

“Kisha ulikula? Na mikono ile?”

“Siku zote tunakulaka, Papa.”

Alinishika kifundo cha mkono akanivuta hadi mlangoni. Aliinua bidoni yangu, lita ishirini, kwa mkono mmoja, akaanza kuyamimina maji juu ya mikono yangu. Mama alitoka jikoni mbio.

“Papa Fidèle! Ile ni mayi ya kunywa! Mutoto alisimama mu mustari tangu saa kumi na moja!”

“Leta sabuni.”

“Juu ya bulongo? Bantu yote ya Kamatanda banashikaka ile bulongo na banakula, na banaishi!”

“Leta sabuni, nasema.”

Mama alileta. Baba alinisugua vidole kimoja kimoja, akavunja kijiti cha ufagio akachokoa chini ya kila kucha, akamimina, akaanza upya. Maji yalitiririka kwenye vumbi na kuacha mstari mweusi. Mara ya pili mama alisimama karibu, akaongea polepole.

“Bulongo ya Kamatanda inaua batoto tangu lini?”

Baba hakuinua kichwa. “Haikutoka Kamatanda.”

Mama alirudi nyuma hatua mbili, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

“Shinkolobwe,” alisema. Hakuwa anauliza.

Jina hilo watoto tulilijua kama tunavyolijua jina la ugonjwa. Mgodi wa zamani, uliofungwa, uliokatazwa. Watu waliokwenda huko waliingia kwa siri, na waliporudi walitaja mahali pengine. Lakini siku hiyo jina halikunigusa. Mimi nilikuwa natazama bidoni. Nilikuwa napima kwa macho: robo imekwisha, nusu imekwisha, na maua ya Mama Anastasie yana kiu pale ng’ambo ya ukuta, vyungu kumi na kimoja.

“Papa, acha kidogo ya waridi,” nilisema nikilia. “Kopo moja tu. Papa, kopo moja.”

Alimimina yote. Alipomaliza aliitikisa bidoni, akayapata matone ya mwisho, akayapeleka kwenye kucha ya kidole gumba changu cha kulia.

Kisha alichukua kiroba kitupu akaenda barazani kwa jirani. Aliniamuru nisimame kwenye lango na nimjibu tu kila atajapo namba. “Moja.” “Nilitia, Papa.” “Mbili.” “Nilitia.” Aling’oa kila mmea na mizizi yake, akaukung’uta juu ya kiroba, akakwangua kopo kwa vidole vyake hadi chini, akajaza udongo mwekundu wa uani, akarudisha mmea. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko juu ya utosi. Kila kanuni niliyofundishwa ilikuwa ikivunjwa mbele ya macho yangu. Alipofika namba nne alikuwa mpole zaidi; alilishika waridi kama mtu anayemshika kuku mgonjwa. Mizizi ilikuwa myeusi na mifupi. “Kumi?” “Hapana, Papa. Kumi na kumi na moja, hapana.” Alivipita.

Aliibeba bidoni mwenyewe hadi chemchemini na kurudi jua likizama, ikiwa nusu, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu na watu waligawana. Nilimwagilia. Chipukizi la waridi lilikuwa limekwisha kudondoka. Nililiokota. Nje lilikuwa la kahawia. Nililifungua kwa kucha zangu safi, na ndani pia lilikuwa la kahawia.

Jumamosi gari la masista lilisimama mbele ya nyumba kabla ya saa nne. Mama Anastasie alishuka peke yake, bila kushikwa mkono, amevaa miwani myeusi na kitenge kipya. Barabara nzima ilikuwa imejaa pale. Alimtazama kila mtu kwa zamu akiinamisha kichwa upande mmoja kama ndege.

“Na huyu njo Odette? Ah! Minye nilifikiri iko na pua ya mama yake. Kumbe ni ya Papa Fidèle, pole mwana!”

Watu walicheka. Aligeuka kuelekea barazani. Nilikuwa nimejiandalia maneno, nimeyakariri usiku kucha kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho. Alivifikia vyungu kabla sijalisema la kwanza.

Vyungu vitano vilikuwa vimekufa. Vinne vilikuwa kati ya kufa na kupona. Ulimi wa nyoka na mshubiri vilisimama wima, vya kijani, kama wageni waliokosea msiba. Kwenye kofia ya mume wake kulikuwa na udongo mwekundu mtupu. Alipita taratibu akaja kusimama mbele ya namba nne. Palikuwa na kijiti na majani mawili.

Baba alitoka katika kundi la watu. “Mama, kosa ni ya minye. Mutoto alichunga muzuri. Minye njo niliharibu.”

Mama Anastasie alipiga magoti, mazoea ya miaka sita, akaingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Alipokitoa, kati ya wekundu kulikuwa na chembe chache nyeusi, zilizobaki kwenye mizizi. Alizisugua kati ya vidole viwili. Aliinua miwani, akazisogeza karibu na jicho lake jipya, akatazama kwa muda mrefu. Wenye kucheka waliacha kucheka.

“Hii haiko ya hapa, Papa Fidèle.”

Baba alizitazama zile chembe.

“Mutoto alishika?”

“Nilimuosha.”

“Odette, onyesha mikono.”

Niliinyosha. Aliishika kama alivyoishika siku niliyozaliwa, nadhani, akaigeuza, akaangalia kucha moja moja. Kisha akamwangalia baba.

“Na ya weye?”

Baba yangu, mtu mzima, mchimbaji, aliweka mikono yake nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa.

“Ya minye iko ya kazi, Mama,” alisema.

Mama Anastasie alishusha miwani. Sikuona macho yake. Aligeukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba basi, habari ya ile waridi wataendelea kubishana mpaka Yesu arudi, na kwamba mtu ampe kiti na maji. Watu walicheka tena, kwa shida kidogo. Waridi halikuchipua. Hakupata kuamua.

Jumatatu baba aliondoka alfajiri kama kawaida.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Hasira yangu ilikuwa na hesabu kamili, kwa hiyo niliiamini. Lita ishirini, nikigawa kwa kopo langu, zingetosha vyungu vyote kumi na kimoja kwa siku mbili, na siku mbili ndizo zilizobaki hadi Jumamosi. Mwanamke aliyengoja miaka sita alinyimwa rangi ya ua lake kwa sababu baba yangu alitaka kunawisha mikono ambayo, kwa maoni yangu, ingesafishika kwa kikombe kimoja. Niliirudia hesabu hiyo hata baada ya Mama Anastasie kufariki, hata baada ya baba.

Shule niliiacha kabla ya kuimaliza. Mengine nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini, na kimoja kati ya hivyo, kisicho na jalada, kilikuwa cha fizikia. Hapo ndipo niliposoma, kwa mpangilio, kwamba udongo wa mahali kama pale una urani, madini yenye mionzi, kwa nini vumbi lake halina harufu wala uchungu, na kwa nini lililo chini ya ukucha, likifika tumboni, si sawa na lililo juu ya ngozi. Sitaki kudai nisichokijua. Sina kifaa cha kupimia kile kiroba. Baba alikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyenipa jina lake, na siandiki hapa kwamba ni udongo ule.

Ninachokijua ni kidogo zaidi, na kinanitosha. Hakuhitaji kitabu cha fizikia. Alijua. Alijua kila Jumatatu alipofunga viatu. Alijua wakati akikung’uta mizizi ya waridi kwa vidole vitupu nami nikiwa mbali langoni. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nilikuwa nahesabu vyungu. Katika bidoni ile kulikuwa na maji ya kutosha kuosha watu wawili. Aliyamimina yote kwenye mikono ya mmoja.